Hatua za Ngowa

Saa mbili na robo, na simu yangu imeshasema:
Kibokoni yaongoza kisiwa kizima,
hatua laki na nusu kabla uji haujapoa.

Nami nawajua hawa. Nimewapima presha
mmoja mmoja, mkono juu ya mto wa sufi.
Bi Zulekha hupumzika mara mbili katika ngazi kumi.
Mwana Hamisi goti lake amelipa jina, huliita Mgeni,
kwa kuwa lilikuja na haliagi.
Maryamu tangu atoke eda hapiti duka la Badi.
Leo wote wamefika Kongowea na kurudi.

Mradi ulikuja na fulana za kijani
na kijana aliyetamka "uhamasishaji" mara kumi na moja.
(Nilihesabu. Ndiyo kazi niliyopewa, kuhesabu.)
Mtaa utakaoshinda utapata mashine ya kupimia sukari
na vijiti vyake mia tano.
Msicheke. Hapa kuna mtu hupima sukari yake
kwa kutazama sisimizi msalani.

Mwanzoni walitembea kweli, wallahi.
Baada ya alfajiri, buibui na raba,
Ndia Kuu mpaka Ngomeni, wakisimama kila mlango
kuulizana hali, na simu ikiwasuta mikobani:
"Umebakisha hatua mia nane! Usikate tamaa!"
sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi.
Bi Zulekha akadhani ni mtu. Akamrekodia jibu:

*Simu wanihisabia, nyayo kwa moja na mbili,*
*Mbona huhisabu pia, ngazi za dari ya pili,*
*Na uchungu kwenye njia, wa goti hili na hili,*
*Hesabu isiyo kweli, mpe aliyekutuma.*

Hakujibiwa. Wiki iliyofuata
akaanza kutembea kuliko wote.

Nikaufuata ule mstari wa buluu kwenye ramani:
Makadara, Mwembe Tayari, Buxton, darajani, ng'ambo.
Asubuhi ya pili nikasimama Marikiti, nikangoja.
Akaja Ngowa na mkokoteni wake wa maji,
madumu ishirini, akala miguuni,
na kiunoni, kama hirizi za mganga mwenye pupa,
soksi kumi na mbili za watoto wa chuoni,
ndani ya kila soksi, simu.

"Shilingi thelathini kila moja," akasema, bila haya.
"Na mahamri. Ya Bi Zulekha yana iliki nyingi."

Yako wewe i wapi?

Akatoa kabambe iliyofungwa mpira.
"Hii haijui kuhesabu. Yajua kulia tu."

Basi nikaelewa jedwali langu.
Wajane kumi na wawili ndani yake ni yeye,
na yeye mwenyewe hamna.
Hatua elfu thelathini kwa siku, miaka tisa,
wala hakuna aliyempigia kumwambia hongera.

"Dada," akasema, akijifuta kwa kola,
"hao wataka watu watembee,
waliambiwa kwamba kuna watu wataka kukaa?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimevaa ile fulana.

Nikamwambia keti, nikupime. Akaketi juu ya mti wa mkokoteni.
Kitambaa kikauzunguka mkono wake, kikabaki.
Mia na kumi kwa sabini: presha ya mtu wa kwenye bango,
chini yake nyayo zilizopasuka nikaweza kutia kucha.
Tukanunua kahawa. Akanieleza bei ya dumu
mifereji ikikauka, na bei yake ikirudi,
na mtoto wake Mbodze anayekataa hesabu.

Ijumaa watataka namba. Sijui nitaandika nini;
vile vijiti ni mia tano, na sisimizi wapo.

Nusu saa ilipotimia,
kiuno chake chote kikaanza kutetemeka,
soksi zote kumi na mbili kwa pamoja:
"Umekaa muda mrefu! Inuka! Inuka!"

Ngowa akacheka mpaka kahawa ikamwagika.
Akanyoosha miguu.
"Tena kikombe," akamwambia muuzaji.